Strange, odd, weird, peculiar: maswali ambayo wanafunzi wa Kiingereza hapa Goma huuliza mara kwa mara

Maswali haya yametoka katika darasa la jioni la watu wazima. Wamo wauguzi, walimu, madereva wa mashirika, akina mama wanaovuka mpaka kwenda kuuza Gisenyi, upande wa Rwanda, na vijana wanaotafuta kazi. Karibu wote wamesoma kwa Kifaransa, nyumbani wanaongea Kiswahili, na Kiingereza wamekianza wakiwa watu wazima. Maneno ya ugeni na ajabu yanawasumbua kila muhula, na mimi nayapa muda mwingi kuliko sarufi, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kuandika sentensi isiyo na kosa hata moja na bado akamvunjia heshima jirani yake.

Maneno haya yote si yana maana moja tu, "ya ajabu"?

Kamusi ndogo ndivyo zinavyosema: zinaandika "ajabu" au "étrange" mbele ya kila moja na kuendelea na herufi nyingine. Ukizifuata utaeleweka, lakini utasema jambo ambalo hukukusudia.

Kabla ya kuchagua neno, jiulize kitu hicho kimekuwa kigeni kwa sababu gani, na kigeni kwa nani. Kama hukijui au hujawahi kukiona, sema "strange". Kama hakilingani na vingine, au na ulichokuwa unategemea, sema "odd". Kama ni cha mtu fulani au mahali fulani peke yake, neno ni "peculiar". Kama kinakukosesha raha na huwezi kueleza kwa nini, katika mazungumzo unasema "weird", na hali hiyo ikikaribia hofu, "eerie". Kama kimepita kiasi hadi watu wanabaki mdomo wazi, ni "bizarre". Na kama hutaki kuhukumu kabisa, unataka tu kusema kwamba hakitokei kila siku, kuna "unusual", neno safi lisilomkosea mtu.

Waingereza wenyewe wanayachanganya wakiwa wanapiga soga. Katika barua, ripoti au mahojiano ya kazi hawayachanganyi sana, na huko ndiko wengi wenu mnakohitaji Kiingereza.

Mgeni ni "stranger", sivyo?

Mara chache tu. Hili ndilo swali lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kiswahili kinamwita mgeni mtu aliyekuja kututembelea, mtu tusiyemjua, mtu wa nchi nyingine, na hata mfanyakazi aliyeanza kazi juzi. Kiingereza kimewagawa: wa kwanza ni "guest" au "visitor", wa pili ni "stranger", wa tatu ni "foreigner", wa nne ni "newcomer". Kifaransa nacho kinatuponza, kwa sababu "étranger" hubeba wa pili na wa tatu pamoja. "Étranger" na "stranger" ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka katika neno la Kilatini "extraneus", yaani wa nje, ila kila mmoja amelelewa kwake na kukua na tabia zake.

Stranger ni mtu usiyemjua, basi. Anaweza kuwa amezaliwa Goma na anaishi avenue ya pili kutoka kwako. Foreigner naye anaweza kuwa rafiki yako wa miaka mingi. Yule mama wa Gisenyi mnayesalimiana kila asubuhi kwenye Petite Barrière, kivuko cha mpakani, ni foreigner kwako, na si stranger hata kidogo.

Mwanafunzi mmoja aliandika: "Last month I received strangers in my house." Alikuwa amepokea wifi yake na watoto, waliokimbia kutoka Masisi. Kwa Kiswahili angesema "nimepata wageni", na ingekuwa sentensi ya heshima. Sisi ndio tunaosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Mwingereza akisoma ile sentensi anaona mwanamke aliyefungulia mlango watu ambao hajawahi kuwaona. Wifi amefutwa ukoo kwa neno moja. Alipaswa kuandika "relatives", au "guests" kama hakutaka kueleza undugu.

Hata hivyo, yako mazingira ambapo "strangers" ndilo neno lenyewe. Familia nyingi za mji huu zimewapokea wakimbizi wa ndani wasiohusiana nao kwa damu wala kabila. Hapo andika bila woga: "We took in strangers." Ni sentensi fupi, na kwa Kiingereza ina uzito mkubwa, kwa sababu inasema mliwafanyia wema watu ambao hamkuwa na deni nao.

Viko pia vipande viwili vya kukariri. "I'm a stranger here" maana yake siujui mji huu, usiniulize njia. "I am no stranger to hard work" maana yake kazi ngumu nimeizoea. Ni sentensi nzuri ya mahojiano.

Na ukikuta "stranger than", usitafute mtu. Hapo ni "strange" iliyoongezwa "-er" ya kulinganisha: kitu kimoja ni cha ajabu kuliko kingine.

"Bizarre" ya Kifaransa na "bizarre" ya Kiingereza ni neno moja?

Herufi ni zile zile, uzito haulingani. Mjini hapa "bizarre" limekuwa chumvi ya kila mazungumzo: simu ikizima, "ni bizarre", rafiki akipita bila kusalimia, "huyu leo ni bizarre". Kifaransa kinaruhusu wepesi huo. Kiingereza kililichukua neno hili kutoka Kifaransa katika karne ya 17, na leo hulitumia kwa mambo yaliyovuka mpaka. Ukiandika kwamba mwenzako kazini alikuwa na "bizarre behaviour", mkuu wa ofisi atadhani alikuwa amelewa au amerukwa na akili, na anaweza kumwita. Kama alikuwa kimya tu kuliko kawaida yake, "odd" inatosha, au "he was not himself".

Kwa nini "odd" ni neno la hesabu pia?

Kwa sababu lilianza huko. Waskandinavia wa kale walikuwa na neno "oddi", ncha au pembe ya pembetatu, na kutoka hapo likawa jina la kile cha tatu, kinachobaki baada ya viwili kupata wenzi. Namba witiri kwa Kiingereza ni "odd numbers", zile mlizosoma shuleni kama "nombres impairs". Waislamu wa darasani hulishika haraka kupitia sala ya witri, inayosaliwa kwa rakaa zisizogawanyika kwa mbili.

Ukishaona kwamba "odd" ni kilichobaki bila mwenzake, matumizi mengine yanafunguka yenyewe. "An odd sock" ni soksi iliyopoteza pacha. "The odd one out" ni yule asiyefanana na kundi. "It's odd that he didn't call" ni kwamba kutopiga kwake simu hakulingani na tabia yake. Hakuna hofu ndani ya neno hili, na lawama ni ndogo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi, kila "bizarre" ya Kifaransa inapowajia mdomoni, wajaribu "odd" kwanza.

Sasa jambo la kuwa nalo macho, hasa ninyi mnaoandika ripoti. "Thirty-odd families" maana yake familia thelathini na ushei, thelathini na kitu. Kile kistari cha katikati ndicho kinachobeba maana. Ukiandika "thirty odd families" bila kistari, umesema familia thelathini za watu wa ajabu. Msomaji mwema ataelewa kutokana na muktadha, lakini hao ni watu waliolala chini ya hema, na wanastahili kuandikwa kwa uangalifu. Kama huna hakika na kistari, andika "about thirty families", utakuwa salama.

Kuna pia "odd jobs", vibarua vya hapa na pale. Kuna "the odd beer", bia ya mara moja moja. Vijana wanaobeti tayari wanaijua "odds": ndiyo "cote" ya Kifaransa, kiwango cha malipo wanachokiangalia kabla ya kuweka pesa.

Biblia ya Kiingereza inasema Wakristo ni "a peculiar people". Inatuita watu wa ajabu?

Hapana, na swali hili hunifurahisha kila linapoulizwa. Limo katika 1 Petro 2:9, katika tafsiri ya King James ya 1611. Fungua Biblia ya Kiswahili ya Union uone mahali pale pale: "watu wa milki ya Mungu". Louis Segond ya Kifaransa inasema "un peuple acquis". Wote watatu wanazungumzia mali, kitu kilicho cha mwenyewe.

"Peculiar" imetoka katika neno la Kilatini "peculium", mali binafsi ya mtu, na nyuma yake kuna "pecu", mifugo, kwa sababu zamani za Warumi mali ilihesabiwa kwa mifugo. Mfugaji wa Masisi hahitaji kuelezwa zaidi. Basi kilicho "peculiar" ni kilicho chako peke yako, na kwa kuwa kilicho cha mtu mmoja peke yake huwashangaza wengine, neno likasogea taratibu kuelekea maana ya ajabu.

Maana ya zamani bado iko hai ukiongeza "to". "Okapis are peculiar to Congo": okapi wa porini hawapatikani nchi nyingine yoyote. Ni sahihi pia kusema hivyo kwa sokwe wa Grauer, wale wa Kahuzi-Biega karibu na Bukavu, wanaoishi mashariki ya Kongo tu. Sokwe wa milimani wa Virunga huwezi kuwasema hivyo, maana wako pia Rwanda na Uganda. Naupenda mfano huu kwa sababu unamlazimisha mwanafunzi kuangalia ukweli kabla ya kuangalia kamusi.

Bila "to", jihadhari. "A peculiar smell" ni harufu unayoitilia shaka, labda ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliolala bila barafu. "A peculiar man" ni mtu mwenye tabia zake asizozielewa mtu, na yeye mwenyewe hatapenda kuisikia.

Vijana kwenye video wanasema "weird" kwa kila kitu. Na mimi niseme hivyo?

Kwa mdomo, na watu wa rika lako, ndiyo. Kwa kalamu, punguza.

Neno lina historia nzito. Katika Kiingereza cha kale "wyrd" ilikuwa majaliwa, yale yaliyoandikiwa mtu. Shakespeare aliwaita "weird" wale dada watatu wanaomtabiria Macbeth mambo yatakayomfika, na katika karne ya 19 waandishi wakalitumia kwa mambo yanayonuka uchawi na mizimu. Leo limepungua nguvu, linasemwa hata kwa chai yenye ladha isiyozoeleka. Lakini ule wasiwasi wa zamani haujatoka wote. "Strange dream" ni ndoto usiyoielewa; "weird dream" ni ndoto usiyoielewa na iliyokuacha bila raha.

Kwa binadamu linauma. "He's weird" ni hukumu, na linaganda. Kwa mtoto wa shule linaweza kumfuata hadi amalize masomo. Walimu, msiwaruhusu watoto kuitana hivyo kwa kisingizio cha kufanya mazoezi ya Kiingereza.

"I feel weird about it" ni jambo jingine, na linafaa: moyo wangu hautulii juu ya hilo, ingawa siwezi kusema kuna ubaya gani.

"Eerie" ni nini hasa? Kamusi yangu inasema "ya kutisha".

Ya kutisha kabisa ni "terrifying" au "frightening". "Eerie" iko kabla ya hapo. Neno limetoka Scotland na kaskazini mwa Uingereza, na hapo mwanzo lilimwelezea mtu mwoga. Baadaye likahamia kwenye kile kinachomtia mtu woga. Linapenda mahali, mwanga, sauti na ukimya.

Mtu wa Goma anaweza kulielewa vizuri kuliko Mwingereza wa London. Mkumbuke Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, anga lilipogeuka jekundu upande wa volkano ya Nyiragongo. Dakika za mwanzo, watu wamesimama nje ya nyumba, wanatazama juu, wanaulizana kama ni moto au ni mlima, na hakuna mwenye jibu: hapo sema "an eerie red light". Mara ilipojulikana kwamba lava inashuka, na watu wakaanza kukimbia kuelekea Sake na mpakani na watoto mgongoni, neno "eerie" halikutosha tena. Hofu iliyopata jina ni "fear". "Eerie" inaishi katika muda ule ambao hujajua.

Tena angalieni jambo hili. Kwa miaka mingi kabla ya mlipuko huo, ziwa la lava lililokuwa ndani ya mlima lilikuwa linapaka mawingu rangi nyekundu usiku, na sisi tulikuwa tunapita njia zetu bila kuinua macho. Mgeni aliyelala Goma kwa mara ya kwanza aliandika nyumbani kwamba usiku wa huku ni "eerie". Mwanga ulikuwa mmoja, macho ndiyo yalikuwa mawili.

Mfano mwingine wa kwetu ni mazuku. Ile gesi ya kaboni inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inatulia mabondeni hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, haina rangi wala harufu unayoweza kuitegemea. Ukifika ukingoni mwa shimo lenye mazuku unaona majani mabichi, ndege ameanguka, na hakuna kinachocheza. "There was an eerie stillness" ndiyo sentensi yake. Halafu usishuke.

Na "uncanny"?

Nalo ni la Scotland. Leo linasemwa zaidi pale kitu kinapofanana na kingine, au mtu anapojua jambo, kupita inavyowezekana. "An uncanny resemblance": mtoto amefanana na babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, mpaka wazee wanashtuka. Mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, aliandika mwaka 1970 kwamba roboti ikikaribia sana kufanana na binadamu bila kufika, watu wanaanza kuiogopa. Kiingereza kinakuita huko "uncanny valley". Zile video za simu ambamo uso wa mtu umetengenezwa na kompyuta, na macho yake hayatulii vizuri, ndiko ziliko.

"Funny" ni ya kuchekesha au ya ajabu?

Vyote viwili, na hapa Kifaransa kwa mara moja kinatusaidia: "drôle" inafanya kazi ile ile. "This milk tastes funny" haina kicheko, ina maana maziwa yameharibika. Ukiona "funny" pamoja na ladha, harufu, sauti ya injini au hesabu za pesa, hakuna anayecheka.

Nilikuta "queer" katika kitabu cha zamani kwa maana ya ajabu. Naweza kulitumia hivyo?

Usilitumie. Katika vitabu vya zamani lilikuwa na maana hiyo kweli. Baadaye likawa tusi dhidi ya watu wanaopenda watu wa jinsia yao, kisha wengi wa watu hao wakalichukua wao wenyewe kama jina lao. Leo msomaji atafikiria hilo kwanza. Ukilisoma katika hadithi ya zamani, lielewe kama "odd" na uendelee.

Fomu ya uhamiaji ya Marekani inaniita "alien". Wananitukana?

Nawaelewa wanaouliza hivi kwa uchungu, maana kwenye sinema "alien" ni kiumbe cha kijani kinachoshuka na chombo kutoka angani. Katika sheria ya uhamiaji ya Marekani, neno hili lina maana moja kavu: mtu yeyote asiye raia wala mtu wa taifa la Marekani. Limetoka katika Kilatini "alienus", wa mwingine. Ile namba yenye herufi A katika barua za wanaohamishiwa huko ni namba ya usajili ya "alien". Jaza fomu kwa utulivu. Kwa mdomo, usimwite mtu hivyo, na wewe mwenyewe ukijieleza sema "I am Congolese".

Hospitalini nilimwambia daktari "I am strange", akatabasamu. Nilikosea wapi?

Ulimwambia kwamba wewe ni mtu wa ajabu. Ulitaka "I feel strange": najisikia vibaya, sijielewi mwilini. "I feel odd" na "I feel funny" ni sawa, hasa kwa kizunguzungu. Kifaransa "je me sens" kinakupa njia sahihi, ni kitenzi "am" ndicho kinachoharibu. Wauguzi nao, mkiandika juu ya mgonjwa, andikeni "unusual symptoms". Dalili zikiitwa "weird" katika karatasi ya hospitali, familia ikaisoma, inabeba maneno hayo hadi nyumbani, na mtaani yanageuka kuwa uchawi.

Mimi ni mlinzi. Niandike "a strange man" au "a stranger" katika daftari la zamu?

Afadhali usiandike lolote kati ya hayo mawili. "A strange man" inaweza kuwa mtu usiyemjua au mtu mwenye vituko. Anayesoma atachagua mwenyewe, na mara nyingi atachagua baya. Andika "a man I did not know", kisha ueleze alichofanya: alisimama getini saa ngapi, alibeba nini, alielekea wapi. "Suspicious" iache kwa mtu ambaye matendo yake yanatia shaka kweli. Sura ngeni au lafudhi ya kijijini si matendo, na katika mji huu watu wameshaumia kwa sababu ya mashaka ya namna hiyo.

"Curious", "quaint", "eccentric" na "outlandish" ziko wapi?

"Curious" ni kama "curieux": mtu anayetaka kujua, au jambo linalotaka kuchunguzwa. Kwa maana ya pili ni ya kiandishi.

"Eccentric" ni nje ya kitovu, neno la Kigiriki. Linasemwa kwa mtu wa tabia zake mwenyewe asiyemdhuru mtu, na nimegundua kwamba husemwa zaidi kwa wenye mali. Maskini akifanya yale yale anaitwa jina jingine.

"Outlandish" zamani ilikuwa "wa nchi ya nje", sasa ni mavazi au mawazo yaliyopita kipimo. Usilitumie kwa mavazi ya kabila la mtu.

"Quaint" ni ya zamani, tofauti, na ya kupendeza: nyumba za kikoloni zilizobaki kando ya ziwa Kivu, mjini Bukavu, kwa mfano. Lakini ukisikia mtalii anaiita soko la Virunga "quaint", ujue amelitazama kama pambo. Soko ni mahali ambapo watu wanatafuta ugali wa watoto wao.

Nikiwaeleza wageni mambo ya kwetu, niseme ni "strange"?

Swali hili nalijibu kwa moyo wote: usiseme. Kwako wewe si ya ajabu, na Kiingereza kinakuamini wewe unayeeleza. Mwanafunzi mzuri kabisa aliandika: "The chukudu is a weird wooden bicycle." Alijiweka katika macho ya mtu wa mbali na kuanza kujishangaa.

Tazameni chukudu lenyewe. Ubao mrefu wa mti mgumu, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, usukani wa mbao, mahali pa kuwekea goti. Halina pedali, kwa hiyo si baiskeli. Linashuka kutoka milimani na magunia ya makaa, viazi na kabichi, mzigo ambao pikipiki haiuwezi, na mji umelijengea sanamu katikati ya barabara kwa sababu limewalisha watu. Andika: "The chukudu is a large wooden scooter used for carrying heavy loads." Ukitaka kuonyesha kwamba hawajawahi kuliona, ongeza "You may not have seen one before." Ugeni sasa uko upande wao, mahali ulipo kweli. Na kama neno la ajabu lazima liwepo, "remarkable" linasema kitu hiki kinastahili kutazamwa.

Tahajia na matamshi?

"Weird" na "foreign" zote zinaandikwa "e" kisha "i", kinyume na ile kanuni mliyofundishwa ya kutanguliza "i" kabla ya "e". "Weird" tamka karibu na "wiad", silabi moja. "Eerie" ni "iari". "Strange" ni "streinj", msiongeze irabu mwishoni. "Quaint" ni "kweint". "Bizarre" mkazo uko mwisho, "bi-ZAA", tofauti na mikazo mingi ya Kiingereza.

"Strangely" na "oddly" zinakaa wapi katika sentensi?

Mwanzoni, pamoja na "enough", zikifuatwa na mkato: "Oddly enough, the bus left on time." Hapo sentensi nzima ndiyo inayokushangaza. Ukizipeleka nyuma ya kitenzi, zinaeleza kitendo: "He looked at me strangely", alinitazama kwa namna isiyo ya kawaida. Kwa "weird" wasema "weirdly" mahali pote pawili, lakini katika barua rasmi chagueni "oddly".